Ugonjwa wa Addison au "Upungufu Mdogo" wa Adrenali? Maana na Tasfida katika Taarifa za Afya ya John F. Kennedy

Utangulizi

Mnamo tarehe 4 Julai 1960, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa chama cha Democratic kufunguliwa mjini Los Angeles, wafuasi wawili wa Seneta Lyndon Johnson, yaani John Connally na India Edwards, waliwaambia waandishi wa habari kwamba Seneta John F. Kennedy alikuwa anaugua ugonjwa wa Addison. Edwards aliongeza kuwa, kwa alivyoelezwa na madaktari, Kennedy asingekuwa hai bila dawa ya kotisoni. Kambi ya Kennedy haikukawia kujibu. Nduguye, Robert Kennedy, alitoa taarifa iliyokana kwamba seneta huyo aliwahi kuwa na maradhi yanayoelezwa kiasili kuwa ni ugonjwa wa Addison, maradhi ambayo taarifa iliyafasilia kuwa ni kuharibiwa kwa tezi za adrenali na kifua kikuu. Alichokuwa nacho, ilidaiwa, ni upungufu mdogo tu wa adrenali, nao ulikuwa umedhibitiwa.

Msomaji wa Kenya huenda akaukumbuka mwezi huo kwa sababu nyingine: Julai 1960 ndipo Tom Mboya alipomtembelea Kennedy huko Hyannis Port kuomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda Marekani, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Hilo si suala la makala haya, ila linatukumbusha kwamba maneno yaliyotolewa wakati huo kuhusu tezi mbili ndogo za mtu mmoja yaligusa hatima za watu waliokuwa mbali sana na Los Angeles. Kennedy alishinda urais mwezi Novemba kwa tofauti ya kura zisizozidi 120,000 kati ya zaidi ya milioni 68 zilizopigwa.

Makala haya yanakusudia kuichunguza taarifa ile kwa jicho la semantiki na pragmatiki. Je, kuna tofauti ya kweli baina ya ugonjwa wa Addison na upungufu mdogo wa adrenali? Ikiwa ipo, je, ndiyo iliyotajwa? Swali hili haliwezi kujibiwa na mwanaisimu asiyeujua mwili, wala na tabibu asiyejali maneno. Kwa hivyo ni sharti tuanze na tezi zenyewe.

Tezi na Kazi Zake

Tezi za adrenali ni mbili, kila moja ikiwa imekaa juu ya figo mfano wa kofia. Uzito wa kila moja kwa mtu mzima ni gramu chache tu. (Neno "tezi" lenyewe lahitaji tahadhari. Kwa wazungumzaji wengi huibua kwanza picha ya uvimbe wa shingoni, na kwa wazee wa kiume huibua tezi dume. Mgonjwa akiambiwa "una shida ya tezi" bila maelezo zaidi, atajishika shingo.) Kila tezi ina kiini ndani na gamba nje, na ni gamba linalotuhusu hapa.

Gamba hutoa homoni kadhaa, mbili kati yake zikiwa za kufa na kupona. Ya kwanza ni kotisoli, ambayo huuwezesha mwili kuhimili misukosuko kama vile homa, jeraha, upasuaji na njaa, na hulinda kiwango cha sukari na msukumo wa damu. Ya pili ni aldosteroni, ambayo huziamuru figo zihifadhi sodiamu, yaani chumvi, na kuitoa potasiamu iliyozidi.

Gamba halijitawali. Chini ya ubongo kuna tezi ya pituitari ambayo hutuma homoni iitwayo ACTH kuliamuru gamba litengeneze kotisoli. Kotisoli ikitosha, pituitari hunyamaza; ikipungua, hupaza sauti. Aldosteroni, kwa upande wake, haiitegemei sana pituitari. Hutii zaidi renini itokayo kwenye figo pamoja na kiwango cha potasiamu katika damu. Jambo hili laonekana kuwa dogo, lakini ndilo ufunguo wa mjadala mzima.

Chukua mfano wa mkahawa. Mwenye mkahawa ni pituitari, mpishi ni gamba la adrenali, na chakula ni kotisoli. Wateja wanaweza kukosa chakula kwa njia mbili zilizo tofauti kabisa. Huenda mpishi amekufa, na mwenye mkahawa anapiga kelele jikoni mchana kutwa bila kuitikiwa. Huenda pia mpishi ni mzima, ila mwenye mkahawa ndiye mgonjwa na hakuna anayeleta maagizo, hivyo mpishi amejilaza na mikono imeanza kusahau kazi. Kwa mteja mwenye njaa hali hizi mbili zafanana. Kwa anayetaka kuurekebisha mkahawa hazifanani hata kidogo.

Hali ya kwanza ndiyo upungufu wa msingi wa adrenali, na ndiyo madaktari huita ugonjwa wa Addison. Tezi zenyewe zimeharibiwa, iwe na kifua kikuu, iwe na kuvu, saratani au damu kuvujia ndani yake, iwe na kinga ya mwili iliyogeuka ikazishambulia. Katika Ulaya na Amerika Kaskazini leo sababu hii ya mwisho ndiyo inayoongoza kwa mbali, yapata wagonjwa 8 au 9 kati ya kila 10. Kotisoli hukosekana, aldosteroni hukosekana nayo, chumvi humwagika kwenye mkojo, potasiamu hupanda, msukumo wa damu hushuka. Mgonjwa hukonda, huchoka, huona kizunguzungu asimamapo, na mara nyingi huwa na hamu ya chumvi isiyo ya kawaida.

Hali ya pili ni upungufu wa daraja la pili. Pituitari imeshindwa kwa sababu ya uvimbe, mionzi au kuvuja damu; au imelazwa usingizi na dawa za steroidi zilizotumiwa kwa muda mrefu. Kotisoli hupungua, lakini aldosteroni huendelea kwa kuwa figo bado zinatoa amri zake. Potasiamu hubaki sawa, na kiu ile ya chumvi kwa kawaida haipo.

Daktari hutofautisha basi kwa kupima, wala si kwa kukisia. Kotisoli ya asubuhi hupimwa pamoja na ACTH: kotisoli ikiwa chini na ACTH ikiwa juu sana, mpishi ndiye aliyekufa, zote zikiwa chini, mwenye mkahawa ndiye mgonjwa. Mgonjwa pia huweza kudungwa homoni ya kuichochea tezi, kisha ikaangaliwa kama itaitika. Ili kujua kama mharibifu ni kinga yenyewe, hutafutwa katika damu zindiko dhidi ya kimeng'enya cha gamba kiitwacho 21-hidroksilesi. Kimeng'enya hicho kilibainishwa kuwa ndicho shabaha ya mashambulizi hayo mwaka 1992.

Neno "zindiko" limetumiwa hapo kwa makusudi, na huenda baadhi ya wasomaji wakalipinga. Tutarejea kwenye suala la istilahi baadaye.

Rangi ya Ngozi na Lugha ya Mtazamaji

Kuna dalili moja inayozitenga hali hizi mbili hata kabla ya maabara. Pituitari inapopiga kelele kuidai kotisoli, protini ileile inayokatwakatwa kutoa ACTH hutoa pia homoni zinazochochea rangi ya ngozi, na ACTH yenyewe ikizidi hufanya kazi hiyo. Ngozi huwa nyeusi. Katika upungufu wa daraja la pili hakuna kelele, kwa hivyo hakuna weusi. Mgonjwa aweza hata kupauka.

Thomas Addison, tabibu wa hospitali ya Guy's mjini London, alipouchapisha uchunguzi wake mwaka 1855, aliielezea rangi hii kwa ufundi wa mwandishi wa riwaya, akitaja moshi, kaharabu na hudhurungi. Wengine waliomfuata wakaleta neno la shaba, na wanafunzi wa udaktari kwa vizazi kadhaa wakakaririshwa "ngozi ya shaba". Lugha hiyo ina mtazamaji ndani yake. Ni lugha ya jicho lililozoea ngozi nyeupe. Ukimwambia muuguzi wa zahanati huko Kitui au Siaya atafute mgonjwa mwenye ngozi ya shaba, umempa maelezo yasiyo na kitu cha kurejelea.

Kwa mtu mweusi dalili hutafutwa kwingine: kwenye fizi na upande wa ndani wa mashavu, kwenye mikunjo ya viganja, kwenye vifundo vya vidole, na kwenye makovu yaliyopatikana baada ya ugonjwa kuanza, ambayo huwa meusi kuliko ya zamani. La maana zaidi ni mabadiliko. Mtu mwenye fizi nyeusi tangu utotoni hana ugonjwa kwa sababu hiyo. Mtu ambaye fizi zake zimekuwa nyeusi mwaka huu anahitaji kupimwa. Ushahidi bora hutoka kwa mama, mke au ndugu, au kwa picha ya kitambulisho iliyopigwa miaka michache iliyopita.

Hapa Kiswahili kina hazina ambayo vitabu vya tiba havijaitumia. Kitenzi "kusawijika" hubeba maana ya kubadilika sura kwa maradhi au majonzi. Hakitaji rangi moja mahususi; hutaja tofauti kati ya sura ya jana na ya leo, na hiyo ndiyo hasa anayoitafuta tabibu. Swali "Tangu lini amesawijika hivi?" lina thamani ya kitabibu kuliko "Je, ngozi yako ni ya shaba?"

Kwa upande mwingine kuna kinaya kinachostahili kutajwa. Baadhi ya krimu za kuchubua ngozi zinazouzwa katika masoko yetu huwa na steroidi kali kama klobetasoli. Zikipakwa mwili mzima kwa miezi, steroidi hupenya hadi kwenye damu na kuilaza pituitari. Anayefanya hivyo hujitafutia upungufu wa daraja la pili, ule usio na weusi, na akiziacha krimu ghafla au akipatwa na homa kali mwili wake waweza kukosa kotisoli ya kuukabili msukosuko huo.

Taarifa ya 1960 Kama Matini

Sasa tunaweza kuirudia taarifa ya Robert Kennedy tukiwa na maarifa ya kutosha kuisoma. Taarifa ile ina sehemu mbili: ukanushi na ungamo. Ukanushi unasema kwamba hakuna ugonjwa wa Addison "wa kiasili". Ungamo linasema kwamba upo upungufu mdogo. Nguvu yote ya matini hii imo katika maneno mawili ya sifa, "wa kiasili" na "mdogo".

Tuanze na la kwanza. Fasili yoyote ya ugonjwa inaweza kujengwa juu ya sababu au juu ya mahali palipoharibika. Kufikia 1960 madaktari waliutumia ugonjwa wa Addison kwa maana ya mahali: gamba la adrenali limeharibika, liwe limeharibiwa na nani. Taarifa iliihamisha fasili kutoka mahali hadi sababu. Ikiwa Addison maana yake ni kifua kikuu, na Kennedy hana kifua kikuu, basi Kennedy hana Addison. Hoja imekamilika kimantiki. Kasoro imo katika dai la kwanza. Ni sawa na mtu anayekana kuwa nyumba yake imeungua kwa kusema kwamba kuungua kwa kiasili ni kule kunakoletwa na radi.

Isitoshe, hata rejeleo la "uasilia" halisimami. Matini asilia ni kitabu cha 1855, na mwenye kukisoma atakuta wagonjwa 11. Kweli, kifua kikuu kiliwaathiri wengi kati yao. Lakini wamo pia waliokuwa na saratani ndani ya tezi, na yumo ambaye tezi zake zilikuwa zimenywea bila ya kifua kikuu kuonekana, hali ambayo wataalamu wa baadaye wameihusisha na kinga inayoushambulia mwili. Addison mwenyewe, kwa hivyo, hakuufunga ugonjwa huo ndani ya sababu moja. Armand Trousseau wa Paris alipoupa ugonjwa huo jina la Addison muda mfupi baadaye, aliupa jina la aliyezitazama tezi. Tena, miaka 3 kabla ya uchaguzi ule, mnamo 1957, watafiti wa Uingereza walikuwa wameshachapisha ushahidi wa zindiko dhidi ya tezi za adrenali katika damu ya wagonjwa wa Addison. Madaktari wa Kennedy hawakuwa na sababu ya kitaaluma ya kuurudisha ugonjwa huo kwenye kifua kikuu peke yake. Sababu ilikuwa ya kisiasa.

Neno la pili, "mdogo", ndilo lenye hila zaidi kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Upungufu usio kamili upo. Tezi huweza kuwa zimepoteza sehemu tu ya uwezo wake, na mgonjwa akaonekana mzima hadi siku ya ajali au homa. Upungufu wa daraja la pili nao mara nyingi huitwa mwepesi kwa kuwa chumvi haimwagiki. Hata hivyo, wepesi huo hupimwa kwa homoni na dawa zinazohitajika, si kwa hatari. Mgonjwa wa daraja lolote akikosa kotisoli wakati wa dharura, msukumo wa damu huweza kuporomoka na akafa asipodungwa hidrokotisoni na kutiliwa maji ya chumvi haraka. Mpiga kura aliyesikia "mdogo" hakuyasikia hayo. Alisikia kitu cha kupita.

H. P. Grice, katika makala yake ya 1975, alieleza kwamba wazungumzaji huongozwa na kanuni ya ushirikiano yenye kaida za kiasi, ukweli, uhusiano na uwazi. Taarifa ya 1960 ni mfano mzuri wa jinsi kaida ya ukweli inavyoweza kutunzwa kwa juujuu huku ile ya kiasi ikivunjwa kimyakimya. Msikilizaji hudhani ameambiwa yote yanayohitajika. Akisikia kwamba mtu hana ugonjwa fulani bali ana upungufu mdogo, hudhani kwamba viwili hivyo ni vitu tofauti, na kwamba cha pili hakina uzito wa cha kwanza. Hakuna aliyetamka hivyo. Maana hiyo imedokezwa, na msemaji anaweza kuikana wakati wowote. Watafiti wa tasfida katika Kiswahili wamezoea kuishughulikia kama adabu: "kujifungua" badala ya kuzaa, "kwenda haja", "kuaga dunia". Tasfida ya namna hiyo haimdanganyi msikilizaji kwa kuwa wote wawili wanajua kinachositiriwa. Ile ya 1960 ilifaulu kwa sababu msikilizaji hakujua. Tofauti hiyo yastahili kupewa nafasi kubwa katika mihadhara yetu kuliko inavyopewa sasa.

Kennedy alienda mbali zaidi kuliko taarifa. Baada ya kuchaguliwa, Novemba 1960, aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba hakuwahi kuugua ugonjwa wa Addison. Kile kivumishi kilichokuwa kinga ya kisheria kikadondoka, na ukanushi ukabaki mtupu.

Yaliyobainika Baadaye

Ukweli wa mambo ni kwamba aliupata utambuzi huo mapema. Aliugua sana akiwa ziarani Uingereza na Ireland mwaka 1947, na daktari wa London akautaja ugonjwa wa Addison. Alirudi Marekani kwa meli akiwa hali mahututi, na padri akaitwa kumpa sakramenti ya mwisho. Umma uliambiwa ni malaria aliyoipata vitani katika Pasifiki. Miaka hiyo mgonjwa wa Addison alikuwa na matumaini mapya, kwani kotisoni ilikuwa inaingia katika tiba. Edward Kendall, Tadeus Reichstein na Philip Hench walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1950 kwa kazi yao juu ya homoni za gamba la adrenali. Tarehe 21 Oktoba 1954 alifanyiwa upasuaji wa mgongo mjini New York. Mwaka uliofuata jarida la Archives of Surgery lilichapisha makala kuhusu namna ya kuwahudumia wagonjwa wenye upungufu wa adrenali wakati wa upasuaji, na mmoja wa wagonjwa waliotajwa ni mwanamume wa miaka 37 mwenye ugonjwa wa Addison aliyepasuliwa mgongo siku hiyohiyo. Jina halikutajwa. Kennedy alizaliwa tarehe 29 Mei 1917; hesabu ni rahisi. John Nichols, mwanapatholojia, alizioanisha habari hizo katika makala ya 1967.

Maana yake ni kwamba katika miaka ileile kulikuwa na sajili mbili zilizoeleza mwili mmoja. Sajili ya kitabibu, iliyoandikiwa wataalamu wachache, ilitaja ugonjwa kwa jina lake bila kumtaja mgonjwa. Sajili ya kisiasa ilimtaja mgonjwa bila kuutaja ugonjwa. Kila moja ilikuwa nusu ya sentensi.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio humfichua. Kwa Kennedy hata kilio hakikumfichua. Mwili wake ulipofanyiwa uchunguzi baada ya kuuawa tarehe 22 Novemba 1963, ripoti ilinyamaza kuhusu adrenali. Ilipita miaka 29 kabla ya wanapatholojia kukubali kusema, katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani mwaka 1992, kwamba tezi hazikuonekana kwa macho. Katika mafuta yanayozunguka figo zilipatikana seli chache tu za gamba chini ya hadubini.

Ushahidi huu ndio unaoleta utengano ambao taarifa ya 1960 ilidai kuuleta. Kifua kikuu kwa kawaida huzivimbisha tezi na kuziachia chokaa inayoonekana kwenye picha za eksirei. Steroidi za muda mrefu hulifanya gamba linywee, lakini sehemu ya nje inayotoa aldosteroni hubakia. Tezi zilizotoweka karibu kabisa, bila chokaa, huashiria kushambuliwa na kinga ya mwili. Robert Dallek, mwanahistoria aliyeruhusiwa kuziona rekodi za matibabu na kuandika kuzihusu mwaka 2002 na 2003, alidokeza kwamba huenda steroidi alizopewa Kennedy tangu ujana kwa maradhi ya tumbo zilichangia. Hoja hiyo ni ya kuvutia lakini haitoshelezi. Haielezi ni kwa nini dadake, Eunice Kennedy Shriver, naye alikuwa na ugonjwa wa Addison, wala kwa nini Kennedy alikuwa pia na upungufu wa homoni za tezi ya shingo. Lee Mandel, daktari wa jeshi la majini la Marekani, aliyaunganisha hayo katika jarida la Annals of Internal Medicine mwaka 2009 na kuhitimisha kwamba Kennedy alikuwa na sindromu ya kinga inayoshambulia tezi zaidi ya moja, aina ya pili. Hoja ya Mandel ndiyo inayoafikiana na mambo yote yanayojulikana.

Hata ile rangi ya ngozi iliyosifiwa kama ishara ya ujana, mashua na jua la pwani, inasomeka upya. Yawezekana kabisa kwamba wapiga kura walikuwa wanaitazama dalili na kuipenda.

Suala la Istilahi

Mwanafunzi wa Kiswahili atakayetaka kuyaeleza haya kwa mgonjwa atakutana na vikwazo viwili. Cha kwanza ni neno "kinga". Kwa Wakenya wengi, "ugonjwa wa kinga" ni UKIMWI. Kifupisho hicho chenyewe kimefasiriwa kwa namna mbili, "Ukosefu wa Kinga Mwilini" na "Upungufu wa Kinga Mwilini", na tofauti hiyo ya neno moja inatosha kuonyesha kwamba lugha yetu inaweza kutenganisha kukosa na kupungukiwa iwapo watumiaji wataizingatia. Lakini katika ugonjwa wa Addison wa aina hii kinga haijakosekana wala kupungua. Ipo, ina nguvu, na imekosea adui. Kusema "ugonjwa wa upungufu wa kinga" ni kosa kamili. Kusema "ugonjwa wa kinga" ni kumtia mgonjwa hofu ya kitu kingine. "Kinga kujishambulia" ni refu kidogo lakini halina utata. Vivyo hivyo, "kingamwili" hutumiwa na baadhi ya waandishi kwa maana ya mfumo mzima na wengine kwa maana ya chembe moja ya mfumo huo. Ndiyo sababu "zindiko" limependelewa hapa kwa chembe hiyo: zindiko hutengenezwa dhidi ya kitu mahususi, na msikilizaji huelewa kwamba linaweza kumrudia aliyelitengeneza. Anayeliona kuwa na harufu ya uganga ana haki ya kupendekeza jingine.

Kikwazo cha pili ni "upungufu". Katika vyombo vya habari vya siku hizi limezuka pia neno "uchovu wa adrenali", likidaiwa kuwa aina nyepesi ya upungufu inayoletwa na msongo wa maisha na kutibiwa kwa vidonge vya dukani. Vyama vya wataalamu wa homoni havitambui ugonjwa huo, na mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 hayakupata ushahidi wa kuwapo kwake. Uchovu wa mgonjwa ni wa kweli. Jina ndilo lisilo na kirejelewa. Basi upo upungufu wa msingi, upo wa daraja la pili, na lipo jina lisilo na ugonjwa, na vyote vitatu vikitafsiriwa kwa pupa huishia kuitwa "udhaifu wa tezi".

Pendekezo la makala haya ni kuzitenganisha kwa mahali, jinsi maabara inavyozitenganisha: "uharibifu wa adrenali" pale tezi zenyewe zilipoharibika, pamoja na sababu yake ikijulikana, kama vile "uharibifu wa adrenali kwa kinga kujishambulia" au "kwa kifua kikuu", na "ulegevu wa adrenali kwa kukosa amri ya pituitari" pale tezi zilipo nzima. Sifa kama "mdogo" na "mkubwa" ziachwe nje ya jina. Kwenye kadi anayobeba mgonjwa, maneno machache yatatosha, ilimradi yamwambie muuguzi wa zamu kwamba mtu huyu hana kotisoli yake mwenyewe, kwamba akizimia au akitapika mfululizo adungwe hidrokotisoni miligramu 100 mara moja, na kwamba kipimo chochote kingine kinaweza kungoja.